Kinu cha Upepo cha Matofali ya Kuchezea

Wamunyu, katika njia itokayo Machakos kwenda Kitui, ni mahali palipopata jina kwa uchongaji wa miti. Kazi hiyo ililetwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918, akarudi nayo kwao. Mahali kama hapo vipande vya mti vinavyobaki baada ya tezo aghalabu huishia mekoni. Lakini vipande hivyo, vikikatwa kwa kipimo kimoja na kupigwa msasa, vyaweza kuwa matofali ya kuchezea. Na kwa matofali hayo kijana wa shule aweza kujenga kinu kidogo cha upepo, akaelewa jinsi upepo upandishavyo maji kutoka chini ya ardhi. Katika Ukambani, ambako wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji, hilo si jambo la mchezo tu.

Wala si aibu kuanza na mti. Ole Kirk Christiansen, seremala wa Billund huko Denmark, alianza mwaka 1932 kutengeneza vitu vya kuchezea vya mti. Kampuni yake ikaitwa Lego, jina litokanalo na maneno mawili ya lugha yao yenye maana ya “cheza vema”. Matofali yake ya plastiki yanayoshikana yalikuja baadaye. Aliye nayo na ayatumie. Asiye nayo atatumia ya mti pamoja na gundi.

Mjenzi huanza na mnara. Tako lake liwe pana, na kila safu ya matofali ifunge viungo vya safu iliyo chini yake, kama mwashi afanyavyo ukutani. Mnara ukijengwa kwa viungo vilivyofuatana juu kwa juu, utapasuka mara mabawa yatakapoanza kuzunguka. Juu yake huwekwa kichwa kinachoweza kugeuka juu ya msumari mmoja uliosimama wima, na ndani ya kichwa hupitishwa mhimili. Spoki ya baiskeli yafaa sana. Tundu la mhimili lisiubane. Nta kidogo ya mshumaa huulainisha.

Sasa yaja mabawa, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Bawa likielekezwa bapa kwa upepo, upepo hulisukuma nyuma tu, wala halizunguki. Likielekezwa ukingo kwa upepo, upepo hupita bila kulishika. Hapana budi liinamishwe kati ya hali hizo mbili, ili upepo ukiligonga uteleze upande mmoja nalo lisukumwe upande wa pili. Tena mabawa yote yainamishwe upande mmoja; moja likigeuzwa kinyume litapigana na wenzake. Mjenzi na ajaribu mwinamo mkubwa na mdogo mbele ya upepo ule ule, ahesabu mizunguko. Somo hilo la nusu saa lapita maelezo ya kurasa nyingi.

Nyuma ya kichwa huwekwa mkia mpana. Huo ndio unaougeuza uso wa kinu kuuelekea upepo, nao hupunguza pia uzito wa mabawa yanayovuta mbele.

Mwisho mhimili hupindwa katikati mfano wa goti, na katika goti hilo hufungwa waya ushukao ndani ya mnara. Mhimili ukizunguka, waya hupanda na kushuka. Mwendo huo ndio uvutao pistoni ya pampu kisimani. Pampu za upepo za namna hii, ziitwazo Kijito, zilianza kutengenezwa Thika na kampuni ya Bobs Harries Engineering mwishoni mwa miaka ya 1970. Mabawa yake ni mengi, kwa kuwa pampu yataka nguvu ya kuanza hata katika upepo mdogo. Mitambo ya umeme iliyo karibu na Ziwa Turkana, 365 kwa hesabu, ina mabawa matatu tu, maana yenyewe yataka mwendo wa kasi.

Yafaa kujua mahali ambapo kinu kidogo chaweza kumdanganya mtu. Upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nane. Kwa hiyo kijiji kisichopima upepo wake kwanza chaweza kununua pampu itakayosimama kimya siku nyingi. Na kinu kikikuzwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake huwa mara nane, lakini eneo la mkato wa miguu inayoubeba huwa mara nne tu. Kwa hiyo mnara uliosimama imara mezani hauthibitishi kwamba ule mkubwa utasimama shambani. Ndiyo sababu pampu nyingi za kweli huwekewa mkia wenye bawaba: dhoruba ikija, mkia hukunjika, mabawa yakageuka ubavu kwa upepo, na kinu hupumzika mpaka upepo utulie.