Elimu ya Fedha: Bajeti ya Muhula kwa Mwanafunzi wa Chuo

Karo ikishalipwa, wazazi wengi huona kazi imekwisha. Hata hivyo, mkopo wa karo wa HELB na basari ya wadi au ya NG-CDF hupelekwa moja kwa moja chuoni. Chakula, kodi na nauli husalia mikononi mwa mwanafunzi, na hapo ndipo wengine hukwama wiki chache kabla ya mtihani.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi kutoka Isecheno, Kaunti Ndogo ya Shinyalu, anayesomea Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega. Viwango vilivyo hapa ni vya mfano; weka vyako.

1. Apange nyumba au atoke nyumbani kila siku?
Ikiwa bodaboda na matatu ni sh. 300 kwenda na kurudi, siku 5 kwa wiki 16 ni sh. 24,000. Chumba cha sh. 2,500 kwa mwezi karibu na Lurambi ni sh. 10,000 kwa miezi 4. Kupanga kuna gharama za chakula na vyombo, lakini pia humpunguzia safari za jioni na za mvua. Pigeni hesabu zote mbili kabla ya kuamua.

2. Ondoa ya lazima kwanza
Tuseme ana sh. 36,000 za muhula mzima.
- Kodi: 10,000
- Amana ya nyumba: 2,500
- Jiko, sufuria na vyombo: 4,000
- Vitabu na kuchapisha kazi: 2,000
- Nauli ya kufungua na kufunga: 500
- Dharura: 1,000
Jumla ni 20,000. Zinabaki 16,000.

3. Gawa kwa wiki
16,000 kwa wiki 16 ni sh. 1,000 kila wiki: chakula 600, stima na maji 100, bando 100, sabuni 100, mengineyo 100. Pesa zikikaa zote kwenye simu, huisha haraka. Afadhali mzazi azishike na kutuma kila Jumapili, au ziwekwe kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa.

4. Tumia cha shambani
Mahindi ya mvua ndefu huwa yamevunwa vyuo vinapofungua Septemba. Debe moja, sawa na gorogoro 8 hivi, likisagwa humpunguzia gharama ya unga kwa wiki nyingi. Ongeza maharagwe. Beba kidogo kidogo ili wadudu wasiharibu.

5. Jihadhari na madeni
Pesa za matumizi za HELB zinaweza kuchelewa, kwa hivyo panga wiki 4 za kwanza bila kuzitegemea. Zikifika, kumbuka ni deni: mkopo huo hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mikopo ya haraka ya simu hugharimu zaidi, na kamari si njia ya kuongeza pesa za chakula. Ukipungukiwa, mweleze mzazi au ofisi ya maslahi ya wanafunzi mapema, kabla ya kodi kulimbikizana.

Zoezi la nyumbani
Mzazi na mwanafunzi, ketini pamoja kabla ya chuo kufunguliwa. Andikeni pesa zote zinazotarajiwa, ondoeni ya lazima, kisha gawanyeni salio kwa idadi ya wiki. Jibu likiwa dogo mno, ni heri mlijue mkiwa nyumbani, wakati bado mnaweza kubadilisha mpango.