Miwani ya Michezo kwa Mgonjwa wa Kiharusi: Isichukue Nafasi ya Kliniki

Miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo vijana huvaa kucheza michezo ya kompyuta, huziba macho na kumwonyesha mvaaji mahali pengine kila anakogeuka. Kwa mzee aliyepooza upande mmoja na anayeishi orofa ya tatu bila lifti mjini Ruiru, ni nafasi ya kutazama maporomoko ya Fourteen Falls akiwa kitini.

Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwatengenezea watu walioungua moto mchezo wa kurusha mipira ya theluji, SnowWorld. Mgonjwa aliucheza huku akisafishwa vidonda. Akili ikizama katika theluji, uchungu hupungua.

Kiharusi ni jambo jingine. Mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2017, yaliyokusanya tafiti 72 zenye wagonjwa 2,470, hayakuona kwamba michezo hii inaurejesha mkono kuliko mazoezi ya kawaida. Faida ilionekana ilipoongezwa juu ya mazoezi hayo. Kwa hivyo familia inayofikiria kuchukua mkopo wa chama inunue miwani, kisha ipunguze safari za kliniki ya Thika Level 5, inakosea hesabu. Nauli ya matatu itangulie.

Aliye na miwani tayari amwulize kwanza mhudumu wa tiba ya viungo, hasa ikiwa mgonjwa ana kifafa au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Kuanguka ndiko hatari kubwa, kwani mvaaji haoni sakafu. Aketi kwenye kiti chenye mikono, kisicho na magurudumu, na mtu akae upande wake uliopooza. Miwani nyingi zina uzito wa karibu nusu kilo, na shingo dhaifu huchoka upesi. Dakika tano zinatosha kwa kuanzia. Video ya mto iliyopigwa kamera ikiwa imetulia ni afadhali kuliko ya gari linalokimbia, ambayo huleta kichefuchefu hata kwa wazima.

Mgonjwa achague mwenyewe. Anayependelea drafti na majirani apelekewe drafti. Hiyo pia ni tiba ya burudani, na haihitaji chaji.

Akivua miwani, apumzike kitini mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo asaidiwe kusimama.