Kumbeba Anayebeba: Somo Kuhusu Uchovu wa Wanaouguza



Mzee akipatwa na kiharusi, mara nyingi mtu mmoja ndiye anayebaki naye: mke, binti au mkwe. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliripoti kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za matunzo zisizolipwa duniani.

1. Mzigo wa mikono na mzigo wa kichwa

Mikono humwogesha mgonjwa, humlisha na kumgeuza kitandani asipate vidonda. Kichwa nacho kinafanya kazi: dawa ya presha imebaki ya siku ngapi? Kliniki ni lini? Kadi ya bima iko wapi? Mikono hupumzika usiku, kichwa hakipumziki. Hali hii ikidumu, usingizi hupotea, hasira huwa karibu, sala huwa nzito. Anayeuguza hujiona mkosefu kwa sababu tu ametamani yaishe. Hiyo si dalili ya kukosa upendo.

2. Musa naye alichoka

Katika Hesabu sura ya 11, Musa anamwambia Mungu kwamba hawezi kuwabeba watu wote peke yake, afadhali afe. Mungu hakumkemea wala kumwambia avumilie. Alimwagiza akusanye wazee 70, akatwaa sehemu ya roho iliyokuwa juu ya Musa, akaiweka juu yao. Hawakuwa watu wa kungoja kutumwa. Walishirikishwa wajibu wenyewe.

3. Msaada au haki?

Tunasema, "Kaka anamsaidia dada kumuuguza mama." Neno hilo limeshaamua kwamba kazi ni ya dada. Lakini mama ni wa wote wawili, na amri ya nne haikutolewa kwa mabinti pekee. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake, na kwamba mzazi akiugua, mwana anapaswa kumhudumia. Anayengoja kuambiwa "kanunue dawa" amechukua mzigo wa mikono tu. Ule wa kichwa amemwachia dada.

Wengine husema huruma ni ya wanawake. Msamaria mwema alikuwa mwanamume. Alifunga majeraha, tena akawaza ya kesho: aliacha fedha kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kurudi.

4. Tufanye nini?

Tukimtembelea mgonjwa, tusiishie kusali rozari na kuacha sukari na sabuni, huku anayeuguza akihangaika kutuchemshia chai. Tumuulize, "Na wewe, umelala?" Jumuiya ipange zamu ili apate walau saa mbili za kupumzika. Nyumbani, mwana mmoja achukue suala lote la kliniki: tarehe, nauli, kadi, foleni na dawa, bila kukumbushwa.

Maswali ya jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, nani anauguza peke yake?
2. Ni jambo gani nyumbani kwangu ambalo ni mwanamke tu analikumbuka?
3. Wiki hii nitalichukua lipi, lote?