Tusafishe Stoo Kabla Mahindi Hayajapanda Mlimani

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya gereji. Pengine mwingine atauliza, "Gereji ya nini, na mimi sina gari?" Swali hilo ni la haki. Lakini hebu tuziangalie nyumba zilizojengwa vihambani, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu. Kijana aliyeko Dar es Salaam au Nairobi hujenga nyumbani kwao, na pembeni mwa nyumba huweka gereji ya gari lake. Gari hilo huja Krismasi, hukaa siku chache, kisha hurudi mjini. Miezi mingine yote gereji haina gari. Je, inakaa wazi? Haikai. Inajaa.

Inajaa nini? Majembe na mapanga, bomba la kupulizia dawa, makopo ya dawa ya kahawa, mashine ya kumenyea kahawa ya marehemu babu, mapipa ya mbege, magunia matupu na magunia yenye mahindi, debe la mafuta ya taa, mbao zilizobaki wakati wa ujenzi, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Kuku naye hutaga humo. Kwa hiyo sisi tutaiita stoo, maana hiyo ndiyo kazi yake. Asiye na gereji ana chumba cha nyuma au banda. Somo ni lile lile.

Desemba ikikaribia, simu inapigwa: "Tunakuja tarehe ishirini." Hapo nyumba nzima huanza kutoa vitu mbio mbio, gari lipate kuingia. Vingine hutupwa nyuma ya nyumba, vingine hurundikwa upande mmoja mpaka karibu na bati. Gari likiondoka, vyote vinarudi. Sisi tunasema Desemba si wakati wake. Wakati huo mahindi yameshaingia stoo, na kahawa nayo imeshalala humo. Kama humo ndani mlikuwa na ubaya, umekwisha kuvifikia. Wakati mzuri ni mwezi wa saba. Maharage yamekwisha vunwa, mahindi bado yanakauka mashambani kule tambarare, na kahawa ndiyo inaanza kuiva.

UBAYA NI UJIRANI

Wengi hudhani stoo mbaya ni ile yenye vitu vingi. Sivyo. Mkulima lazima awe na vitu vingi. Stoo huwa mbaya kwa sababu ya kitu gani kimekaa karibu na kitu gani.

Tuchukue kahawa. Kahawa iliyomenywa na kukaushwa hunyonya harufu. Ikiwekwa karibu na mafuta ya taa, petroli, vitunguu au mbolea, itachukua harufu hiyo, na kwa macho hutaiona. Lakini yuko mwonjaji ambaye kazi yake ni kuionja kahawa kabla ya kuuzwa. Yeye ataijua. Basi mwaka mzima wa kupogoa, kupalilia na kupuliza dawa unashuka daraja kwa sababu ya debe moja lililovuja. Na gereji iliyowahi kuingia gari ina mafuta sakafuni. Hapo kahawa isilale, hata kama pamefagiliwa.

Tuchukue mahindi. Adui yao mkubwa ni dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Skania. Mdudu huyu asili yake ni Marekani ya Kati. Hapa nchini alianza kuonekana sehemu za Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akaenea. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dumuzi hali mahindi tu. Hutoboa na kuishi ndani ya miti mikavu pia. Kwa hiyo zile mbao kuukuu, yale magunzi ya mwaka jana na yale magunia yenye punje mbili tatu kwenye kona zake ni nyumba ya dumuzi. Unaleta mahindi mapya, yeye anakungoja mlangoni.

Jirani wa tatu ndiye anayetutisha zaidi. Huyu ni sumu.

Hapa kwetu mlimani kahawa hushambuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na wakulima wamezoea kupuliza dawa kwa miaka mingi. Dawa hubaki. Haitupwi, maana ilinunuliwa kwa pesa. Mtu huimimina katika chupa ya soda na kuiweka juu ya dirisha la stoo, karibu na mafuta ya taa ambayo nayo yamo katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka mitatu anaijua chupa ya soda. Alipewa soda siku ya ubatizo, na alifurahi sana.

Basi dawa isihamishwe kamwe kutoka katika kopo lake. Na mafuta ya taa yakae katika chombo ambacho hakuna mtu aliyewahi kunywea. Ikiwa mtoto amekunywa mafuta ya taa, msimtapishe, maana akitapika mafuta huingia mapafuni. Wala msipoteze muda kumpa maziwa. Mkimbizeni zahanati au hospitali. Kama ni dawa ya shamba, chukueni na kopo lake, ili mganga asome ni sumu gani. Mganga akiijua sumu anajua pa kuanzia.

SIKU YA KAZI

Chagueni siku ya jua. Toeni kila kitu nje, uwanjani, mpaka sakafu yote ionekane. Tunasema kila kitu. Anayepanga stoo bila kutoa vitu anahamisha vumbi tu. Vaeni viatu, na msiingize mkono mahali msipopaona, maana nyoka hupenda magunia. Kabla ya kufagia, nyunyizeni maji. Vumbi lenye mavi ya panya si zuri kwa kifua.

Vitu vikiwa nje, vitengeni mafungu. Vinavyotumika viwe peke yake. Vilivyoharibika lakini vinatengenezeka viwe peke yake. Vya watu wengine navyo viwe peke yake, na tutashangaa fungu hilo lilivyo kubwa. Sumu zote ziwe mbali, chini ya macho ya mtu mzima mmoja. Yanayobaki ni takataka.

Hapo ndipo ugomvi huanzia. Mkwe anashika pipa lililotoboka. "Baba, hili tulitupe?" Mzee anajibu, "Acha hapo. Litafaa siku moja." Anashika mnyororo wa baiskeli. "Acha hapo." Mwisho vitu vyote vinarudi ndani, na siku imekwisha.

Tusimcheke mzee. Yeye aliishi miaka ambayo msumari ulikuwa haupatikani dukani, na aliyekuwa na pipa bovu alikata bati akaziba paa. Kutunza kulimwokoa. Lakini tunaweza kumwuliza swali moja jema: "Baba, hili litafanya kazi gani, na lini?" Kama ana jibu, pipa libaki na lipewe mahali pake. Kama hana jibu, apewe muda mpaka mavuno yajayo. Mzee akiulizwa kwa heshima, mara nyingi yeye mwenyewe atasema, "Haya, wapeni watu wa vyuma chakavu."

Mali ya marehemu ni jambo jingine. Kwa desturi ya Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo stoo ya babu humwangukia yeye. Asitupe peke yake. Awaite ndugu zake. Ile mashine ya kumenyea kahawa huenda inahitaji kifaa kimoja tu. Na masanduku ya zamani yafunguliwe na mtu anayejua kusoma. Tumesikia mengi juu ya hati na makubaliano ya mpaka wa kihamba yaliyoliwa na mchwa chini ya magunia, kisha kesi ikaja. Stakabadhi za chama cha ushirika, barua, makubaliano yenye sahihi za mashahidi, vyote vitolewe stoo. Viwekwe ndani ya nyumba, mahali pakavu.

FUNGU LA SUMU

Sasa tulisome fungu la sumu. Tunasema tulisome, maana kisomo tulichopata ndicho dawa yake. Kila kopo lina karatasi. Tafuteni jina la dawa, kazi yake, na tarehe ya mwisho wa kutumiwa. Chini ya karatasi mara nyingi pana mstari wa rangi. Mstari mwekundu ni sumu kali sana. Wa manjano ni sumu kali. Wa buluu hatari yake ni ndogo zaidi, na wa kijani ndiyo ndogo kuliko zote. Lakini hata ya kijani si ya kuchezea.

Dawa iliyopita tarehe yake, au iliyopoteza karatasi yake, tuifanye nini? Hapa watu wengi hukosea. Wengine huimwaga kwenye mfongo. Lakini mfongo unashuka, na kule chini wako watu na ng'ombe wanaokunywa. Wengine huichoma moto, na moshi wake ni sumu. Wengine huifukia kihambani, chini ya migomba wanayokula. Yote matatu ni makosa. Iacheni ndani ya kopo lake, likiwa limesimama wima ndani ya ndoo kuukuu ili likivuja lisifike sakafuni. Fungieni. Kisha mwelezeni bwana shamba au bibi shamba wa kata. Kazi ya kusimamia dawa hizi nchini ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha, na afisa ugani ndiye njia ya kuifikia.

Msione haya kwa kuwa na dawa zilizooza. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, karibu na Kibaha mkoani Pwani, lilipokea shehena ya dawa za mashambani za msaada kutoka Ugiriki. Baadhi yake tarehe ilikuwa imekwisha pita. Ziliwekwa bandani, zikakaa. Banda lilichakaa, likaanguka, na dawa zikaingia ardhini. Wataalamu waliokwenda kupima miaka mingi baadaye waliikuta sumu bado imo udongoni. Lile lilikuwa shamba kubwa lenye wasomi. Sumu ilisubiri tu banda lizeeke.

Kopo tupu nalo ni sumu. Kopo la maji likiisha dawa, lisuuzeni mara tatu, na maji ya kusuuzia yamwagwe ndani ya bomba la kupulizia, yaende shambani na dawa. Kisha litoboeni. Kopo lililotobolewa halichotewi maji wala halipimiwi mbege.

KUREJESHA NDANI

Kinachorudi kirudi kwa ujirani mpya. Mahindi yakija yasiwekwe sakafuni wala yasiguse ukuta. Yapangwe juu ya mbao zilizoinuliwa. Mbao hizo wataalamu huziita chaga, na hapa kwetu Uchagani jina hilo halikosi kuchekesha. Magunia ya zamani yachemshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kabla ya kuweka mahindi, yapimeni. Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi mpaka theluthi moja, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, fungeni na mtikise kwa dakika chache. Acheni robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani.

Unyevu si jambo la kupuuza. Nafaka yenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 ugonjwa wa sumukuvu uliwapata watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 20 walifariki. Walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe.

Zana zitundikwe ukutani kwa misumari. Shikeni kaa la moto lililozimika, mchore umbo la kila chombo mahali kinapotundikwa. Jioni ukitazama ukuta, utaona mara moja panga halipo. Na kwa kuwa majirani huazimana, tundikeni daftari hapo hapo. Andikeni hivi: "Tarehe 4 Julai. Msumeno wa kupogolea. Amechukua jirani wa juu. Atarudisha Jumamosi." Wengine watasema huko ni kumshuku jirani. Sisi tunaona ni kinyume chake. Daftari likisema ulipo msumeno, hakuna atakayemsingizia mtoto wa mtu.

Mafuta ya taa na petroli visikae na mbolea, wala karibu na jiko. Sumu ziwe na sanduku lake lenye kufuli, nje ya stoo ya chakula kabisa ikiwezekana. Juu yake andikeni kwa herufi kubwa: SUMU. MTU ASIGUSE. Chini yake chora fuvu la kichwa. Lakini mtoto mdogo hajui kusoma, na fuvu kwake ni picha ya kuchekesha. Kufuli ndilo litakalomzuia.

Kijana akija Desemba na gari lake, mwambieni ukweli: nusu ya gereji ni ya mahindi, na gari lilale nje chini ya mti. Halitaoza kwa siku kumi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mwezi wa saba ni bora kuliko Desemba kwa kazi hii? Je, katika kijiji chenu ni hivyo hivyo?

2. Katika stoo yako, kahawa imepakana na nini? Mahindi yamepakana na nini? Chora ramani ya stoo katika daftari lako, uandike jina la kila kitu mahali kilipo.

3. Ufunguo wa sanduku la sumu uko wapi sasa hivi, na nani mwingine anajua?