Usihesabu Vikasha, Tazama Miraba Iliyo Tupu

Haya, mdogo wangu wa Chidya, Masasi, barua yako nimeisoma. Umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, simu unayo, na rafiki yako wa Dar es Salaam anakutambia kwamba kakuacha mbali kwa idadi ya vikasha. Unaniuliza umpiteje. Mimi nakwambia usimfukuzie huko. Mwulize kwanza hivyo vikasha vyake ni vya aina gani.

Wasioujua mchezo huu wa jiokashingi niwaeleze kidogo. Mtu anaficha kikasha mahali, anatangaza latitudo na longitudo yake, wengine wanakisaka kwa GPS ya simu. Ukikiona unasaini daftari lililomo ndani, unakirudisha palepale. Ulianza Marekani tarehe 3 Mei 2000, pale Dave Ulmer alipoacha ndoo msituni karibu na Portland, Oregon. Siku moja kabla yake serikali ya Marekani ilikuwa imeacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa kiliweza kukupoteza hata mita 100, na mita 100 kwenye vichaka vya Umakonde ni kazi ya kutwa nzima.

Kila kikasha hupewa alama mbili. Moja ni ya ugumu wa kukigundua, hiyo ni ya kichwa. Nyingine ni ya ugumu wa njia, hiyo ni ya miguu. Kila moja inatoka 1 hadi 5 kwa nusunusu, yaani ngazi 9. Tisa mara tisa unapata miraba 81, na kuna shindano la kuijaza yote. Aliyeokota vikasha elfu moja vyepesi kando ya lami bado kajaza mraba mmoja tu. Fedha hakuna. Unachopata ni haki ya kuhesabiwa kikasha maalumu ambacho hukidai mpaka uonyeshe kwamba sharti umelitimiza. Wala hakuna siku ya mwisho, kwa hiyo usikubali mtu akukimbize.

Nalipenda shindano hili kwa sababu linakupeleka unakokukwepa. Umeniandikia kwamba milima unaipanda bila kuchoka, ila mafumbo ya hesabu yanakuudhi. Basi jedwali lako litajaa upande wa miguu, upande wa kichwa ubaki mweupe, na kila mtu ataliona pengo hilo. Hapo ndipo pa kufanyia kazi, mdogo wangu. Miguu unayo tayari.

Sasa tuseme ukweli. Kwa vikasha vilivyoko Masasi na Newala peke yake, miraba 81 hutaijaza. Kwa hiyo anzisheni jedwali lenu. Chukua daftari la hesabu, tafuta wenzako watano au sita, chora miraba 9 tu: 1, 3 na 5 kwa kichwa, 1, 3 na 5 kwa miguu. Kila mtu afiche, kila mtu asake. Mraba wa 1 wa miguu uwe mahali ambapo hata mwenye kiti cha magurudumu anafika. Ndivyo wachezaji duniani kote wanavyoupima. Ule wa 5 unataka kifaa maalumu, kama kamba au mtumbwi, na huo nakuomba uuache mpaka apatikane mtu mzima anayejua kazi hiyo.

Vya kuwapa kazi wasakaji vipo tele. Tazama vilima vya mawe vya Masasi, vilivyochomoza peke yake kwenye tambarare. Vilima vya mawe vya namna hiyo wanajiolojia wanaviita bornhardt, kwa jina la Wilhelm Bornhardt, Mjerumani aliyeandika mwaka 1900 habari za milima ya kusini mwa nchi yetu. Hapo hamhitaji kikasha. Ipo aina ya usakaji ambayo unafika, unalitazama jiwe, unajibu maswali. Au uliza kwa nini juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Ardhi ni ya kichanga, mvua inazama, maji yanatokea chini mabondeni, ndiyo maana kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 bibi zetu walishuka na kupanda na vyombo kichwani. Mpeleke msakaji ukingoni kule Shimo la Mungu, Newala, atazame bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, kisha alijibu swali hilo akiwa amesimama palepale.

Fumbo gumu la kichwa nakupa moja. Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walirusha zepelini L59 kutoka Bulgaria ipeleke vifaa kwa kamanda wao Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amebanwa huku kwetu. Ikaitwa irudi ikiwa juu ya Sudan, ikafika tena Bulgaria baada ya kukaa hewani jumla ya saa 95. Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma tarehe 25 mwezi huohuo. Chukua 59, 95 na 25, ujumlishe, utoe, ugawe, mpaka upate dakika za longitudo ya boma la Newala. Umeona? Hesabu imekuwa safari.

Sasa nisikilizeni vizuri wadogo zangu wote. Kopo lililofungwa, lenye vitu vidogovidogo na karatasi ya majina, likiokotwa chini ya mkorosho wa mtu, litasemwa ni uchawi, na lawama zitamwangukia bibi mmoja asiye na hatia. Hilo silitanii hata kidogo. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji na mwenye shamba kabla ya kuficha. Tumieni chombo kinachoonyesha kilichomo ndani, kiandikwe nje kwa Kiswahili kwamba ni mchezo, kwa idhini ya nani. Msifukie. Makaburini, misituni mwa jando na kwenye matambiko msiguse. Msimu wa korosho msiingie mashambani, mtaitwa wezi. Mpakani na Ruvuma msizunguke na simu mkipiga picha. Tangu vita vya Cabo Delgado, kule Msumbiji, vianze mwaka 2017 walinzi wako macho, na wana haki.

Mkono usiingizwe kwenye ufa wa jiwe wala chini ya majani makavu kabla ya fimbo. Kifutu hajisogezi ukimkaribia. Wasichana, nendeni wawili au watatu, na nyumbani wajue mnarudi saa ngapi.

Wewe wa Chidya, anza na fumbo la L59. Ukipata jibu lako niandikie hatua zote za hesabu, nitakuonyesha ulipoteleza. Jibu lenyewe sikupi.