Kuficha Ajali ni Kuficha Ushahidi

Kibarua ameanguka kutoka ghorofa ya pili, mguu umevunjika. Msimamizi wa saiti anampa nauli na kusema, "Yaishe hapa hapa." Wewe uliye kwenye mafunzo kwa vitendo ndiye unayejaza daftari la siku. Utaandika nini?

Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali kwa mamlaka ya kazi. Ajali isipoandikwa, aliyeumia hudai fidia bila ushahidi.

Sura Al-Baqara, aya 283, inakataza kuficha ushahidi. Aya inazungumzia deni. Basi haki ya mwili uliovunjika ina uzito zaidi. An-Nisaa 135 inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu.

Wapo wasemao kunyamaza ni kumsitiri Mwislamu mwenzako. La. Sitara haiwi kwa kupoteza haki ya mja mwingine.

Andika siku ile ile: saa, mahali, kilichotokea, waliokuwepo. Na mwajiri asipotoa taarifa, msaidie aliyeumia afike kwa afisa kazi. Allah atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Amin.