Jamii ya Wachezaji na Malezi ya Mshindani: Funzo la Tekken kutoka Pakistan

Utangulizi

Mchezo wa video wa kupigana huwakutanisha watu wawili. Kila mmoja huchagua mhusika wake, akashika padi, na wahusika hao wakapambana kwenye skrini hadi nguvu za mmoja wao ziishe. Michezo hii si migeni katika mitaa ya miji ya Kenya. Tekken imechezwa kwa miaka mingi katika vibanda vya gemu vinavyotoza kwa kila mchezo, ijapokuwa gemu za kandanda ndizo zijazazo viti. Mnamo mwaka 2018, Sylvia Gathoni, ajulikanaye ulingoni kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na kikosi cha Marekani kutokana na uhodari wake katika Tekken. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba vipaji havipo.

Swali linalozuka ni la malezi. Kwa nini jamii moja ya wachezaji, isiyo na fedha wala jina, hutoa bingwa baada ya bingwa, ilhali nyingine hutoa hodari mmoja anayetwaa kila kombe la mtaani kwa miaka mitano, kisha akivuka mpaka anaondolewa siku ya kwanza? Makala haya yanadai kwamba hodari huyo wa pili ameangushwa na upweke kabla ya kuangushwa na mgeni. Kiwango cha mshindani hutegemea kiwango cha wale walio chini yake, na jamii itakayo kumwinua wa kwanza haina budi kuanza na wa kumi.

Yaliyotukia mwaka 2019

Kabla ya mwaka huo, mazungumzo kuhusu Tekken yalikuwa ya Korea Kusini na Japani. Mwezi Februari 2019, kijana wa Lahore aitwaye Arslan Siddique, kwa jina la ulingoni Arslan Ash, aliwasili Fukuoka kwa mashindano ya EVO Japan baada ya safari iliyojaa matatizo ya viza na ndege. Alitwaa ubingwa. Alipohojiwa, alisema jambo ambalo wengi walilichukulia kuwa unyenyekevu wa kawaida wa mshindi: kwamba nyumbani kwao wapo wengine wanaomtoa jasho. Mwezi Agosti mwaka huohuo alishinda EVO ya Las Vegas, akimshinda katika fainali Mkorea Bae Jae-min, maarufu kama Knee, mmoja wa wachezaji wanaoheshimiwa zaidi katika historia ya mchezo huo. Mwaka huohuo Knee mwenyewe alifunga safari hadi Pakistan kujipima na wachezaji wa huko. Bingwa mkongwe hasafiri hivyo kwa ajili ya mtu mmoja. Alikwenda kuitazama jamii.

Yaliyofuata yaliondoa shaka. Mwezi Februari 2023, huko Amsterdam, fainali za msimu wa 2022 za Tekken World Tour zilitwaliwa na Mpakistani mwingine, Atif Ijaz. Fainali ya Tekken 8 katika EVO ya mwaka 2025 ikawakutanisha Arslan na Atif, Wapakistani wawili wanaojuana tangu nyumbani. Je, kulikuwa na nini huko?

Chumba kimoja

Jibu la kwanza ni la mahali. Wachezaji wa Pakistan walilelewa katika kumbi za gemu, bega kwa bega na wapinzani wao. Umuhimu wa jambo hili unaeleweka vyema mtu akifahamu jinsi muda unavyohesabiwa katika mchezo huu. Picha za skrini hubadilika mara 60 kwa sekunde, na kila badiliko huitwa fremu. Ngumi ya haraka kabisa katika Tekken hufika baada ya fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Pigo zito likizuiwa, aliyelirusha huwa amechelewa kwa fremu kadhaa, na mpinzani ajuaye idadi hiyo humwadhibu papo hapo. Asiyejua humwachia aendelee.

Kwa mchezo wa aina hii, ucheleweshaji wa intaneti si usumbufu mdogo. Fremu nne au tano zikipotea njiani, pigo la chini ambalo mtu angeliona na kulizuia ukumbini humpata kila mara. Hivyo mchezaji aliyelelewa na intaneti pekee hujifunza kutegemea mapigo yanayofaulu kwa sababu ya ucheleweshaji. Siku akikaa kiti kimoja na mpinzani, silaha zake zote huwa zimeota kutu. Ni kweli kwamba teknolojia imepunguza tatizo hili. Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa EVO, alibuni katika miaka ya 2000 programu ya GGPO, ambayo hukisia kitendo cha mpinzani na kujirekebisha ikikosea. Hata hivyo, chumba kimoja kina faida nyingine isiyo ya mitambo: mshinde anaweza kumgeukia mshindi na kumwuliza alikosea wapi.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatashangazwa na hoja hii. Tungo za siasa za Muyaka bin Haji wa Mombasa husomeka vyema zaidi zikiwekwa kando ya zile za wapinzani wake wa Lamu, akiwemo Zahidi Mngumi. Mshairi aliyejua kwamba beti zake zitajibiwa hakuthubutu kuacha vina vilegee.

Mshinde anapolipa

Ukumbi pekee hautoshi, kwani unaweza pia kumfukuza mwanafunzi. Katika vibanda vingi desturi ni kwamba mshindi hubaki kitini na mshinde hulipa. Desturi hii huchangamsha jioni, lakini huweka mzigo wote juu ya anayejifunza. Kijana mgeni hucheza dakika tatu, akapigwa, akalipa, akasubiri nusu saa, akapigwa tena. Ni karo anayolipa kwa mwalimu asiyefunza. Baada ya mwezi mmoja huyo kijana amehamia kandanda, na hodari wa ukumbi amepoteza mpinzani ambaye angemsumbua baada ya miaka miwili.

Mashindano nayo yana kasoro iyo hiyo. Mfumo utumiwao na EVO na mashindano mengi makubwa ni mtoano wa nafasi mbili: mchezaji huondoka akishindwa mara mbili. Mfumo huu ni wa haki. Lakini washiriki wakiwa 16, wanne huwa wamekwenda nyumbani baada ya mechi mbili tu, ilhali bingwa hucheza tano angalau. Kwa maneno mengine, anayeuhitaji mchezo zaidi ndiye anayepewa kidogo zaidi. Washiriki haohao wakigawanywa katika makundi mawili ya watu wanane, kila mmoja akakutana na wenzake wote wa kundi, kila mtu hupata mechi saba. Gharama yake ni muda: jumla ya mechi 56 badala ya 30 au 31. Jamii yenye mashine mbili haiwezi kuzimaliza alasiri moja, na hailazimiki. Ligi inaweza kuenezwa katika wiki nne, kisha mtoano ukafanywa mwishoni mwa mwezi kwa ajili ya msisimko na zawadi. Aidha, mara mojamoja wachezaji wawili wapewe pambano refu, atakayefikisha ushindi mara kumi ndiye mshindi. Katika pambano fupi hila moja hutosha. Katika pambano refu hila hiyo hugunduliwa, na mwenye hila hulazimika kufikiri.

Siri za ukumbini

Lipo jambo ambalo viongozi wa jamii hizi huona haya kulisema: mahodari huficha maarifa. Anayejua jinsi ya kukwepa pigo fulani hukaa nalo kama mganga na dawa yake. Faida ya siri hiyo ni ndogo kuliko anavyodhani. Mashindano makubwa hurekodiwa, na siri ikitumika mara moja mbele ya kamera, wapinzani wa nchi nyingine huwa wameipata kesho yake. Waliobaki gizani ni wenzake wa ukumbini tu, yaani wale wanaopaswa kumpa mazoezi. Akiwafunza, watamfunga kwa muda. Naye atalazimika kutafuta jipya kabla ya kukutana na mgeni.

Ufundishaji huu unaweza kupangwa bila fedha. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 ikiwa na wahusika 32, na hakuna mtu awezaye kuwajua wote kwa kina. Wachezaji kumi wakigawana watatu kila mmoja, karibu wote wamefikiwa, na kila mshindani anayejiandaa atajua ni nani wa kumwendea. Vilevile gemu hiyo humruhusu mchezaji kutazama mechi aliyokwisha kuicheza, akaisimamisha pale alipopigwa, akashika padi na kujaribu jibu jingine. Nusu saa ya kazi hiyo kila wiki, mshinde na mshindi wakiwa wameketi pamoja, ina manufaa kuliko kombe jingine la mtoano.

Nauli

Suala la mwisho ni la safari. Tatizo la Arslan la viza na ndege litamkabili yeyote atokaye Nairobi au Mombasa, na kwa kawaida husafiri mwenye uwezo wa kulipa. Jamii ikichanga sehemu ndogo ya ada za ligi na kumchagua msafiri kwa msimamo wa ligi hiyo, mchezaji wa nafasi ya sita atakuwa na sababu ya kuja ukumbini Jumamosi yenye mvua. Naye aliyetumwa arejee na deni: jioni ya kwanza baada ya kurudi, aketi mbele ya waliomchangia na kuwaonyesha, mechi baada ya mechi, jinsi alivyopigwa.